Volti Zilizotoka Rugezi

Kwa miaka mingi swali la kwanza la fundi wa kompyuta wa Kigali lilikuwa: hii mashine imetoka wapi? Ikiwa imetoka Ubelgiji au Uingereza, unaichomeka. Ikiwa imetoka Marekani, unaigeuza kwanza uitazame mgongoni. Pawa saplai za zamani zilikuwa na swichi ndogo nyekundu karibu na tundu la waya, yenye namba mbili, 115 na 230, na kompyuta kuukuu zilizoletwa kwa msaada baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 zilifika mara nyingi swichi ikiwa bado upande wa huko kwao. Umeme wetu ni volti 230. Ndani ya pawa ile mna kapasita mbili kubwa zilizoandikwa 200V. Swichi ikiwa kwenye 115, mtambo huzijaza kwa zamu, kila moja volti kama 160, ili jumla ifike 320. Ulishe mtambo huohuo 230, kila kapasita itataka kupanda hadi 325. Haifiki. Hupasuka njiani, na ofisi nzima hujaa moshi mweupe na harufu isiyotoka nguoni mpaka jioni.

Naanza na swichi hii makusudi. Vijana wanaokuja kibandani kwangu Biryogo siku hizi huniuliza prosesa inastahimili volti ngapi ikisukumwa kupita kasi yake ya kiwandani, 1.3 au 1.4, na huuliza kana kwamba chipu inaishi peke yake angani. Sisi tulioingia kazini enzi za shirika la umeme la Electrogaz tulijifunza volti kuanzia ukutani, tukaingia nazo ndani pole pole mpaka kwenye chipu. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, mafundi wa rika langu hapa mjini hawakupata sifa ya kuongeza volti. Sifa yetu ni kupunguza, na historia yake ni ndefu kuliko wanavyodhani.

Electrogaz ilianzishwa mwaka 1976, lakini umeme iliougawa ulikuwa na kwao kabla ya hapo. Kituo cha Ntaruka, huko kaskazini, kilianza mwaka 1959: maji ya Ziwa Burera huteremka kama mita 100 hadi Ziwa Ruhondo, na katika kuteremka huko yanazungusha mitambo. Mwaka 1982 kikaongezwa kituo cha Mukungwa, kinachotumia maji yanayotoka Ruhondo. Kwa hiyo tone lilelile lilifanya kazi mara mbili kabla ya kwenda zake. Umeme mwingine ulitoka mto Rusizi, mpakani na Kongo. Ukiacha jenereta chache za dizeli, huo ndio uliokuwa mzizi mkuu wa taa za Kigali.

Sasa Burera yenyewe hupata maji kupitia bonde la Rugezi, eneo kubwa la majimaji lililojaa mafunjo, ambalo hupokea mvua na kuiachia kidogo kidogo mwaka mzima. Watu walichimba mitaro, wakakausha sehemu zake, wakalima. Mvua nazo zikapungua. Kufikia 2004 maji ya Burera na Ruhondo yalikuwa yameshuka kiasi kwamba Ntaruka na Mukungwa zilibaki zikifanya sehemu ndogo tu ya kazi yake. Kigali ikaingia katika mgao. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli, bei ya umeme ikapanda, na Rugezi ikafungwa isilimwe tena. Mwaka 2005 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yanayolindwa duniani.

Haya yameandikwa sana na watu wa mazingira. Sijaona aliyeandika jinsi yalivyoonekana kutoka mezani kwa fundi. Yalionekana kwenye sindano ya mita. Jioni, taa na pasi za mtaa mzima zikiwaka, huku kwetu pande za Nyamirambo, juu kilimani, ungeweza kupima volti 170 au hata 160 pale ambapo pangekuwa na 230. Usiku wa manane, watu wamelala, sindano inapanda kupita 240. Na kibaya zaidi kilikuwa dakika ya umeme kurudi baada ya kukatwa: friji zote za mtaa zinaamka kwa pamoja, volti zinaanguka, zinaruka, zinaanguka tena. Stabilaiza zilikuwa zikigonga kama zimepagawa.

Watu hudhani umeme mdogo hauna madhara, kwamba kompyuta itazimika tu. Pawa saplai ya kompyuta haiko hivyo. Kazi inayotakiwa kufanya haipungui, kwa hiyo volti zikipungua inavuta ampea zaidi. Ukutani kukiwa na 160 badala ya 230, inavuta karibu mara moja na nusu ya ampea za kawaida, na ampea ndizo zinazopasha moto. Pawa ya bei rahisi iliyovumilia hivyo jioni baada ya jioni ilianza kutoa volti 12 zisizotulia. Kanuni za utengenezaji zinaruhusu zicheze kati ya 11.4 na 12.6. Nimeona nyingi zilizokuwa chini ya 11 huku mwenye nayo akilalamika kwamba Windows ina virusi.

Ndipo kazi yetu ikapata desturi yake: usiiguse prosesa kabla hujapima ukuta, na ukishapima ukuta pima waya wa njano, ule wa volti 12.

Desturi hii haikuanzia kwenye kompyuta. Ilitoka kwa mafundi redio. Biryogo ni mtaa wa Waswahili tangu siku ambazo mji huu ulikuwa mdogo. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha kituo chake hapa mwaka 1907, wafanyabiashara, wapishi na wapagazi waliokuja na Wajerumani walikuwa Waislamu wengi wao, wasemaji wa Kiswahili. Wabelgiji wakawatengea mtaa wao. Elimu ilipokuwa mikononi mwa misheni, mtoto wa Biryogo aliyebaki Mwislamu hakuwa na mahali pengi pa kwenda, akaishia katika udereva, biashara na ufundi. Baba yangu mdogo alitengeneza redio za betri na za umeme, na kijana aliyetaka kujifunza kwake alikaa miezi akishika mita tu kabla hajaruhusiwa kushika chuma cha kulehemu. Kompyuta zilipokuja, mita ilikuwa tayari mezani. Mwaka 2017 Bunge lilipokifanya Kiswahili lugha rasmi ya nchi tulicheka kidogo: vipuri vilitoka Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na bei yake haikuwahi kuzungumzwa kwa lugha nyingine.

Turudi kwenye chipu. Prosesa za 486 za mwanzo zilikula volti 5, na Pentium ya kwanza ya mwaka 1993, ya megahezi 60 na 66, nayo ilikula 5 na kuwaka moto. Mwaka uliofuata Pentium mpya zikashuka hadi 3.3. Pentium MMX ya 1997 ilitaka 2.8, na kufikia 1998 tulikuwa kwenye 2.0. Kushuka huku kulikuwa na hesabu nyuma yake. Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha mwaka 1974 kwamba ukipunguza ukubwa wa transista na volti zake kwa uwiano mmoja, unapata kasi zaidi bila kuongeza joto katika eneo lilelile. Kila kizazi cha chipu kilikuwa na kuta nyembamba ndani ya transista kuliko cha kabla yake, na ukuta mwembamba haubishani na volti nyingi.

Kwa fundi wa Kigali hesabu ya Dennard ilimfikia kwa umbo la jampa, vile vijiplastiki vidogo vyenye chuma ndani. Mazabodi ilikuwa na safu ya pini na jedwali lililochapwa pembeni kwa herufi ambazo huzioni bila kioo cha kukuzia: jampa hapa ni 2.8, hapa ni 3.3. Chipu ya 3.3 ukiiweka kwenye bodi ya 5 umeiua. Chipu ya 2.8 ukiipa 3.3 itafanya kazi, na ndiyo hatari yake, maana itafanya kazi vizuri kwa muda na mteja atakusifu. Jedwali likiwa limefutika, ulianzia volti ya chini kabisa, ukawasha, ukazima, ukapanda ngazi moja. Hakuna aliyetufundisha hilo. Lilikuwa tabia ya redio tu: unaanza chini.

Kisha ikaja Celeron 300A. Intel waliitoa Agosti 1998, chipu ya bei nafuu ya megahezi 300, na kabla ya mwaka kwisha wapenzi wa kompyuta duniani kote walikuwa wamegundua kwamba basi ya megahezi 66, ile njia inayounganisha chipu na bodi, ukiipandisha hadi 100, kizidisho chake cha 4.5 kinakupa 450, na chipu nyingi zinakubali. Bodi nzuri ziliruhusu kuchagua hayo kwenye bayosi. Bodi za hovyo hazikuruhusu, kwa hiyo watu waliziba pini moja ya chipu, ile inayoitwa B21, kwa utepe au kwa rangi ya kucha, bodi ikadanganyika.

Kwetu zilifika zimeshatumika, miaka kadhaa baadaye, ndani ya kompyuta za ofisi za watu wengine. Na sababu yetu ya kuzisukuma haikuwa michezo. Ilikuwa harusi. Biashara ya video za harusi ilikuwa imeshika moto mjini, na kanda ya saa tatu ikiingizwa kwenye kompyuta ya megahezi 300 ili ikatwe na kuwekewa maandishi na nyimbo, mashine ilihangaika usiku kucha. Mgao wa 2004 ulipoanza, usiku kucha haukuwepo tena. Umeme ukikatika kazi ikiwa imefika asilimia 80, unaanza upya. Kwa hiyo kasi ilikuwa na maana moja iliyo wazi: kumaliza kabla zamu ya mtaa wako kuzimwa haijafika. Nimeona chupa za rangi ya kucha kwenye studio zenye wanaume peke yao, na kila mtu alijua ni za nini.

Lakini hesabu ya joto ilikuwa ileile kwa kila mtu. Nguvu inayoliwa na chipu huenda sawia na kasi, na huenda na volti zilizozidishwa kwa zenyewe. Celeron ile ikitoka 300 hadi 450 kwa volti zake 2.0, inakula mara moja na nusu. Ikigoma, watu waliipa 2.2, na hapo inakula karibu asilimia 80 zaidi ya ilivyotoka kiwandani, maana volti peke yake huongeza kama asilimia 20. Ongeza jambo moja ambalo wanaoandika kutoka nchi za tambarare hawalihesabu. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya hapa ina uzito kama asilimia 85 tu ya ile ya Mombasa. Feni inazunguka vilevile, ila inasukuma hewa nyepesi. Usiku wetu wa baridi unarudisha sehemu ya deni hilo. Mchana wa jua haurudishi kitu.

Hata hivyo Celeron zile hazikufa kwa wingi. Kilichokuja kututia adabu ni kizazi kilichofuata. Pentium 4 ya mwaka 2002, ile waliyoiita Northwood, ilitaka volti 1.5. Wasukumaji wa Ulaya na Marekani waliipa 1.7 na zaidi kwa sababu ilipanda vizuri mno, kisha baada ya wiki au miezi chipu zikaanza kufa bila onyo. Chipu iliyokuwa ikikimbia jana, leo haiwaki hata kwa volti zake za kawaida. Wakaupa ugonjwa huo jina refu la kutisha. Wataalamu hawakushangaa sana. James Black wa Motorola alikuwa ameshaandika mwaka 1969 kwamba umeme ukipita kwa wingi kwenye waya mwembamba huzisogeza chembe za chuma chenyewe, mpaka waya unapungua mahali na kukatika, na kwamba umri wa waya hupungua haraka ampea zikiongezeka na haraka zaidi joto likipanda.

Mtu akisoma mlingano wa Black kwa makini ataona kwamba hauna mahali panapoandikwa "salama". Una muda tu. Kila volti unayoongeza inakatwa kwenye miaka. Mtu wa Chicago aliyenunua chipu mpya angeweza kusema sawa, nikate miaka kumi ibaki minne, kufikia hapo nitakuwa nimenunua nyingine. Sisi tulikuwa tunaipokea chipu hiyo baada ya ile minne. Prosesa kuukuu ni sawa na baiskeli ya kununua Nyabugogo, rangi mpya na mizigo iliyobeba huijui. Sikuwa na njia ya kujua kama aliyeiuza aliipa 1.5 au 1.75, na jibu langu kwa wateja likawa kwamba miaka ya kukata imeshakatwa na mwenzio.

Zaidi ya chipu, bodi nazo zilikuwa wagonjwa. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita mbovu, zilizovimba vichwa na kuvuja kando ya soketi ya prosesa. Hizo ndizo zinazosafisha volti kabla hazijaingia kwenye chipu. Kapasita nzima iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza umri maradufu kwa kila nyuzi 10 unazoshusha. Kwa nyuzi 65 inafika saa 32,000. Mbovu hazikufika popote. Ukisukuma prosesa kwenye bodi ya namna hiyo, namba unayoisoma kwenye bayosi ni ndoto. Mimi nilinunua kapasita kwa mfuko na kuzibadilisha zote kabla ya kuzungumza habari za kasi, na kwa kipindi fulani hiyo ndiyo kazi iliyonilipia kodi ya kibanda.

Umeme wa ukutani ulibadilika kidogo kidogo. Electrogaz ilivunjwa, yakaja majina mengine, na tangu 2014 tuna REG. Kituo cha mto Nyabarongo kikaanza kutoa megawati 28, KivuWatt ikachota gesi ya methani kutoka chini ya Ziwa Kivu na kuigeuza megawati 26. Sindano ya mita yangu inatulia sasa kuliko zamani, ingawa mvua za masika zikianza na radi bado nakichomoa kila kitu. Pawa saplai mpya nazo hazina swichi nyekundu. Zinakula chochote kuanzia 100 hadi 240 bila kuuliza.

Ukuta ulipotulia, kelele zikahamia ndani. Prosesa za sasa zinajisukuma zenyewe. Ryzen za mwaka 2019 zilipotoka, watu walipigwa na butwaa kuona 1.45, hata 1.5, kwenye mashine iliyokaa bure, na AMD wakaeleza kwamba ni kawaida. Na ni kawaida kweli: kiini kimoja kinaamka, kinapewa volti nyingi kwa kufumba na kufumbua, ampea zikiwa chache. Chipu hiyohiyo ukiifungia 1.4 kwenye bayosi na kuitwika viini vyote kazi ya saa nane, umeitendea vibaya kuliko ile 1.5 ya mara moja. Ndiyo maana mtu akiniuliza volti salama ni ngapi, bila kuniambia anafanya kazi gani na kwa nyuzi ngapi, sina la kumjibu.

Wenye viwanda wenyewe hawakuwa na jibu moja kila mara. Aprili 2023 Ryzen 7000 kadhaa ziliungua ndani ya soketi, na AMD wakaweka kikomo cha 1.3 kwa volti za sehemu ile waiitayo SoC, ambazo baadhi ya bodi zilikuwa zikizipandisha kiholela. Mwaka 2024 zikafuata Core za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zilizokuwa zikizeeka kabla ya wakati kwa sababu chipu iliomba volti kupita kiasi. Agosti Intel wakatoa marekebisho ya kuzizuia zisiombe zaidi ya 1.55, na wakaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Hapo mteja hakuwa amegusa kitu. Kazi ya kusukuma ilifanyika kiwandani, na fundi akabaki na kazi ya kuvuta nyuma.

Hiyo sasa ndiyo kazi yangu nyingi. Majuzi alikuja kijana anayechora nyumba kwa kompyuta, aliyenunua Ryzen 5 3600 mtumba karibu na jengo la maduka la CHIC.

"Fundi, nataka unifungie 1.40, nimeona watu wanafika gigahezi 4.4."

"Unaiacha ikichora usiku?"

"Kila usiku, mzee."

"Na umeme unalipa nani?"

Akacheka. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2020, nyumba iliyopita yuniti 15 kwa mwezi ililipa zaidi ya faranga 200 kwa kila yuniti, kwa hiyo swali halikuwa la mzaha. Nilipima ukuta, nikapima waya wa njano, nikabadilisha pesti ya kupozea prosesa, kisha nikashusha volti hatua kwa hatua huku viini vyote vikiwa kazini. Kutoka 1.30 hadi 1.20 peke yake inaokoa karibu asilimia 15 ya nguvu ya chipu, kwa kasi ileile. Yake ilisimama imara kwenye 1.20, ikayumba kwenye 1.17, nikairudisha 1.21 na kuandika namba na tarehe kwenye utepe ndani ya kasha, ili fundi atakayefuata asihangaike kama nilivyohangaika mimi na mitumba isiyo na historia. Akauliza kama siku akibadili mawazo naweza kumpandishia hiyo 1.40. Nikamwambia naweza, faranga elfu tano, na stabilaiza anunue mwenyewe.